Rimoti haifanyi kazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuifungua na kuitengeneza nyumbani

Rimoti nyingi zinazopelekwa kwa mafundi hapa Moshi hazijafa, zimechafuka tu. Vumbi la kiangazi, mafuta ya mikono, betri za bei rahisi zilizovuja: hayo matatu ndiyo chanzo cha sehemu kubwa ya kesi, na yote matatu unaweza kuyamaliza nyumbani jioni moja. Kabla hujaenda Mbuyuni kununua nyingine, soma kwanza hapa.

Nitajuaje kama tatizo ni rimoti au ni tivii yenyewe?

Tumia kamera ya simu. Elekeza kichwa cha rimoti kwenye lenzi, bonyeza batani yoyote na usiiachie, huku ukitazama kioo cha simu. Rimoti inayotuma itaonyesha kitaa kinachopepesa rangi ya zambarau au nyeupe. Kwa macho huoni kitu, maana mwanga huo ni wa infraredi. Urefu wa wimbi lake ni karibu nanomita 940, wakati jicho la binadamu huishia kwenye 700 hivi. Simu nyingi zina kichujio kwenye kamera ya nyuma kinachouzuia, kwa hiyo tumia kamera ya mbele, ile ya selfi, na fanya jaribio hili kwenye kivuli.

Jambo moja watu hulisahau: ijaribu kwanza kamera yako kwa rimoti nyingine unayojua ni nzima, hata ya jirani. Usipofanya hivyo unaweza kuihukumu rimoti bure, kumbe simu ndiyo haioni.

Kama kitaa kinawaka vizuri, basi geukia tivii au king'amuzi. Angalia lile jicho dogo la kupokea, mara nyingi liko chini ya kioo, pembeni au katikati. Hapa kwetu tunapenda kufunika tivii kwa kitambaa cha kufuma, na ncha yake ikining'inia mbele ya jicho, rimoti inaonekana mbovu. Vumbi lililoganda juu ya jicho nalo hufanya hivyohivyo. Jua la jioni likiingia dirishani moja kwa moja linaweza kulipofusha kabisa. Rimoti nyingi huwasha na kuzima mwanga wake karibu mara 38,000 kwa sekunde ili tivii itofautishe ujumbe na mwanga wa kawaida, lakini jua kali hulizidi nguvu jicho lenyewe. Funga pazia ujaribu tena.

Nimeweka betri mpya na bado haiwaki. Nianzie wapi?

Anzia kwenye betri hizohizo mpya. Betri ya rimoti isiyo ya kuchaji ikiwa mpya inatakiwa kutoa volti 1.5 au zaidi kidogo, na mbili zikiungana ni volti 3. Kama una mita, pima. Ikisoma chini ya 1.3 hiyo si mpya, hata kama umeitoa kwenye pakiti sasa hivi. Betri zilizokaa dukani miaka, tena karibu na dirisha lenye jua, hufika kwako zikiwa zimechoka.

Baada ya hapo tazama chemchemi na vibati. Upande wa chemchemi ndio wa hasi, yaani kitako bapa cha betri. Chemchemi iliyolala haigusi vizuri, ivute taratibu kwa ncha ya bisibisi mpaka isimame. Kama ina kutu au unga, isugue kwa kipande cha msasa laini hadi uone chuma kinang'aa. Ukizungusha betri kwa kidole zikiwa ndani na rimoti ikashtuka ikafanya kazi, umeshapata jibu: tatizo ni hapo kwenye vibati.

Usichanganye betri mpya na kuukuu. Ile dhaifu huisha kabla ya mwenzake, kisha inaendelea kulazimishwa kupitisha umeme, na hiyo ndiyo huwa ya kwanza kuvuja.

Kuanika betri juani au kuzing'ata kunasaidia?

Joto huamsha kidogo kemikali zilizobaki, ndiyo maana betri iliyoanikwa hupata uhai wa muda mfupi. Lakini joto hilohilo huharakisha kuvuja. Betri nyingi za bei nafuu zina kopo la zinki, na zinki hiyo ndiyo inayoliwa kadiri betri inavyotumika. Kwa hiyo betri iliyoisha ina kopo jembamba au lililotoboka, na ukiing'ata unamalizia tundu. Kilichomo ndani hakifai kuingia mdomoni mwa mtu, sembuse mtoto. Tafadhali wakatazeni watoto.

Unapochagua dukani, soma maandishi madogo kwenye ganda. Zile ndogo zilizoandikwa R03 ni za zinki, na zilizoandikwa LR03 ni alkalaini. Alkalaini hudumu zaidi. Za kuchaji huwa na volti 1.2 kila moja, na rimoti nyingi huzikubali, ila umbali unaweza kupungua kidogo.

Betri zimevuja, kuna unga mweupe. Rimoti imekwisha?

Hapana, ukiwahi. Toa betri, na kama zimegandamana na vibati usizichomoe kwa nguvu, zitang'oka na chemchemi. Unga mweupe wa betri ya alkalaini ni wa aina ya magadi makali, kwa hiyo unauawa na asidi nyepesi: lowesha pamba ya masikio kwenye siki au maji ya ndimu, gusa palipo na unga, subiri povu litulie, futa. Rudia mpaka povu liishe. Futa kwa pamba yenye maji kidogo, halafu malizia kwa spiriti na uache pakauke. Siki isiachwe humo ndani, nayo italeta kutu yake.

Mikono isiguse unga huo, wala usisugue jicho.

Chemchemi ikiwa imeliwa ikakatika, chukua ya rimoti nyingine iliyokufa. Kila nyumba ina rimoti ya king'amuzi cha zamani droo fulani, usiitupe hata siku moja. Hiyo ndiyo stoo yako ya vipuri.

Nahitaji vifaa gani kuifungua?

Bisibisi ndogo ya nyota, kadi ya plastiki isiyotumika (kadi ya benki iliyoisha muda inafaa sana), mswaki wa zamani, pamba za masikio, spiriti ya duka la dawa, na sinia lenye taulo juu yake ili skrubu isidondoke ikapotea. Hivyo tu kwa kazi nyingi. Pasi ya kulehemu utaihitaji kama rimoti imeanguka.

Kisu cha jikoni kiache jikoni. Kinakata plastiki ya ukingo, na kikiteleza kinakata mkono.

Sioni skrubu hata moja. Inafunguliwaje?

Toa betri kwanza, siku zote. Kisha tafuta skrubu ndani ya chumba cha betri, maana ndiko zinakojificha nyingi. Pitisha kidole juu ya stika ya nyuma ukikandamiza, ukisikia shimo linabonyea chini ya stika, kuna skrubu hapo. Kama huoni popote, rimoti hiyo imefungwa kwa meno ya plastiki peke yake.

Hapo sasa polepole. Tazama mstari unaozunguka ubavuni ambapo ganda la juu linakutana na la chini. Anzia karibu na chumba cha betri, kwa sababu pale plastiki hulegea zaidi. Ingiza kona ya kadi, usizungushe kama ufunguo, sukuma tu ndani kidogo kisha ipeleke mbele kando ya mstari. Utasikia jino la kwanza linaachia: tak. Acha kadi palepale ili lisijifunge tena, chukua kadi ya pili uendelee mpaka jino linalofuata. Ubavu mmoja ukishafunguka wote, mara nyingi ule wa pili unaachia wenyewe ukifunua kama kitabu. Kichwani, penye kile kioo cheusi cha kutolea mwanga, kuwa makini: kioo hicho huwa kimechomekwa tu na kinadondoka.

Jino likigoma, usilivunje kwa hasira. Rudi nyuma uangalie kama kuna skrubu uliyoiruka. Piga picha kwa simu kila hatua, utazihitaji wakati wa kufunga.

Nimefungua, chini ya mpira kuna mafuta mafuta yanayonata. Yametoka wapi?

Swali zuri, na wengi hushangaa kwa sababu rimoti haijawahi kumwagikiwa kitu. Sehemu ni mafuta ya mikono yaliyopenya ubavuni mwa batani. Sehemu nyingine hutoka kwenye mpira wenyewe: mpira wa batani ni silikoni, na kadiri unavyozeeka hutoa mafuta yake taratibu. Yakitandaa juu ya bodi yanakaa katikati ya vidoti vyeusi vya kaboni vilivyo chini ya mpira na njia za umeme zilizo kwenye bodi. Umeme haupiti, na wewe unazidi kubonyeza kwa nguvu mpaka kidole kinauma.

Mpira uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Vile vidoti vyeusi vipitie kwa kidole chenye sabuni tu, usivisugue kwa mswaki wala steelwaya, kaboni itatoka. Suuza, kung'uta, anika kivulini mpaka ukauke kabisa, hata kwenye vijitundu.

Bodi ifute kwa pamba yenye spiriti. Badilisha pamba kila inapochafuka, la sivyo unahamisha uchafu kutoka batani moja hadi nyingine. Na hapa sikiliza vizuri: ukiona njia za kugusana kwenye bodi ni nyeusi, hiyo nyeusi si uchafu. Ni kaboni iliyochapwa kiwandani. Ukiipiga msasa umeimaliza rimoti. Zikiwa za shaba na zimepata ukijani, hapo unaweza kuzisugua kwa raba ya kufutia penseli.

Naweza kutumia petroli au mafuta ya taa badala ya spiriti?

Usitumie. Petroli hulainisha plastiki, hufuta maandishi ya batani, na mvuke wake ndani ya chumba chenye jiko la mkaa ni hatari ya moto. Mafuta ya taa huacha utando uleule unaojaribu kuuondoa. Spiriti yenyewe inashika moto, ifanyie kazi dirisha likiwa wazi na mbali na jiko.

Nimesafisha kila kitu, batani moja au mbili bado hazishiki.

Tenganisha kwanza kosa la mpira na kosa la bodi. Bodi ikiwa wazi, rudisha betri kwenye vibati vyake, kisha chukua kipande kidogo cha foili na uunganishe zile njia mbili za batani iliyogoma, huku mwenzako akitazama kwa kamera ya simu. Kitaa kikiwaka, bodi ni nzima na kidoti cha kaboni ndicho kilichochoka. Kisipowaka, tatizo liko kwenye bodi.

Kidoti kilichochoka kina dawa kadhaa. Ya haraka ni penseli laini, 2B au zaidi: paka kidoti mpaka king'ae. Inashika kwa muda, kisha unarudia. Ya pili ni karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara: kata duara lenye ukubwa wa kidoti, bandika upande wa karatasi juu ya kidoti, upande unaong'aa utazame bodi. Supa gluu haishikani vizuri na silikoni, itabanduka baada ya wiki chache.

Mimi napendelea dawa ya tatu ingawa ni ya subira. Kata kidoti kizima kutoka kwenye mpira wa rimoti iliyokufa, au kutoka batani usiyoitumia kabisa kwenye rimoti hiyohiyo, kisha kibandike kwa tone dogo la silikoni ya kuzibia vioo. Silikoni inayonuka kama siki hutoa asidi inapokauka, kwa hiyo mpira usiurudishe juu ya bodi mpaka siku nzima ipite. Rimoti iliyotengenezwa hivi hudumu, na hutaifungua tena kwa sababu hiyo.

Zilizogoma ni batani kadhaa kwa pamoja, siyo moja.

Batani za rimoti zimeunganishwa kwa mistari na safu, kila moja haina njia yake ya peke yake. Zikigoma zote za mstari mmoja, kwa mfano 1, 4 na 7, usihangaike na vidoti. Kuna njia ya shaba iliyokatika au iliyoliwa na majimaji ya betri. Pindua bodi kwenye mwanga wa jua uifuate kwa macho. Mkato ukiuona, kwangua rangi ya kijani pande zote mbili taratibu na ulehemu kipande cha waya mwembamba juu yake.

Na kama kitaa kinawaka muda wote bila kubonyeza kitu, kuna batani iliyonasa. Betri zitakwisha ndani ya siku chache na hakuna batani nyingine itakayofanya kazi. Safisha matundu ya ganda la juu, uchafu hujaa pale.

Ilianguka sakafuni na tangu hapo kimya.

Kwenye sakafu za saruji hili ni la kila siku. Angalia vitu vitatu. Kwanza, sehemu vibati vya betri vinapoungana na bodi: risasi ya kulehemu hupasuka kwa duara jembamba ambalo hulioni mpaka utikise kibati. Pili, miguu ya kile kitaa cha mbele. Tatu, ukikuta kipande kidogo cha njano, chungwa au buluu kilichoandikwa 455, hicho ni resoneta ya kauri, ndiyo inayompigia chipu mapigo ya saa. Ndani yake mna kauri nyembamba, na ikipasuka rimoti inanyamaza kabisa ingawa kwa nje haina alama. Toa nyingine yenye namba ileile kwenye rimoti ya droo. Rimoti nyingi za karibuni hazina kipande hicho, kazi yake imeingizwa ndani ya chipu.

Pasi ya wati 25 hadi 40 inatosha. Gusa, yeyusha, ondoa, usikae juu ya shaba, itabanduka.

Kitaa nacho kina upande. Mguu mrefu ni chanya, na ubavu wa ganda uliokatwa bapa ni hasi.

Imemwagikiwa chai, soda au mbege. Niiweke kwenye mchele?

Mchele haufanyi kazi yoyote hapo, upike. Toa betri mara moja na usibonyeze batani kujaribu. Fungua. Maji matupu yanakauka yenyewe, lakini chai ya maziwa, soda na mbege huacha sukari, na sukari huvuta unyevu, huleta sisimizi na kula shaba. Kwa hiyo suuza bodi kwa maji safi, ndiyo, maji, ilimradi betri hazimo, kisha ipitishie spiriti na uiache penye upepo siku moja au mbili. Wakati wa baridi ya Juni na Julai, mawingu yakishika mlima na hewa ikawa nzito, ongeza siku.

Kuna tone jeusi gumu katikati ya bodi. Ni nini?

Ni gundi ngumu iliyofunika chipu. Chini yake kuna nyaya nyembamba kuliko unywele. Usilibandue. Kama umeme unafika, resoneta ni nzima, kitaa ni kizima, na bado kimya, basi chipu imekufa, na hapo rimoti hiyo inaingia kwenye droo ya vipuri.

Rimoti yangu ya sabufa ni nyembamba kama kadi, ina betri ya duara.

Kwa ndani hiyo haistahili usumbufu: batani zake zimebandikwa chini ya stika na ukiibandua hairudi. Badilisha betri, ambayo huwa ni CR2025, futa kibati, basi.

Lililo kubwa ni watoto. Betri ya duara ikimezwa na kukwama kooni inaweza kuunguza umio ndani ya saa mbili, hata kama mtoto anaonekana mzima. Ukishuku tu, kimbia hospitali, kwa Moshi KCMC au Mawenzi, na useme wazi kwamba ni betri. Usimtapishe. Rimoti ambayo mlango wake wa betri umelegea ifunge kwa selotepu leo hii.

Vipi rimoti za kuongea, za AC na za gari?

Rimoti ya kuongea ya tivii janja hutumia bluutuu kwa batani nyingi. Ukiona kamera inaonyesha mwanga kwenye batani ya kuwasha tu, si ubovu. Kama batani nyingine hazifanyi kazi, huenda imeachana na tivii. Iunganishe upya kwa kufuata kitabu chake.

Ya AC ina kioo cha namba, na kati ya kioo na bodi kuna ukanda wa mpira wa waridi au kijivu. Ukisogea hata kidogo, namba zinatoka nusu. Kabla hujauinua, piga picha.

Ya gari na ya geti hutumia mawimbi ya redio, mara nyingi megahezi 315 au 433, kwa hiyo kamera haitaonyesha kitu. Badilisha betri, safisha, lakini unapofungua ufunguo wa gari chunga kile kipande cheusi kidogo kisichounganishwa na waya wowote. Hicho ndicho kinachoruhusu injini kuwaka, na ukikipoteza gari litabaki uwanjani.

Kabla sijafunga ilikuwa inafanya kazi, nimefunga imegoma.

Karibu kila mara ni mpira uliokaa upande, au kibati cha betri kilichotoka kwenye mfereji wake. Fungua tena. Hakikisha kila batani imetokeza kwenye tundu lake na inarudi ukiibonyeza. Skrubu nazo usizikaze kupita kiasi, zikibana ganda, batani za katikati zinajibonyeza zenyewe.

Ni wakati gani niache nikanunue nyingine?

Chipu ikifa, au shaba ikiwa imeliwa eneo kubwa. Beba rimoti ya zamani uende nayo dukani, namba yake iko ndani ya chumba cha betri au nyuma ya ganda. Usinunue kwa kufananisha sura, maana mbili zinazofanana kabisa kwa nje zinaweza kutuma ishara tofauti. Mwombe muuzaji uijaribu, au angalau mkubaliane kwamba utairudisha. Na kama tivii yako iliwahi kubadilishwa bodi kwa fundi, rimoti ya jina lililoandikwa mbele haitaifungua tena. Muulize fundi huyo aliweka bodi ya namba gani, ununue rimoti ya bodi hiyo.